Mkwe Hashikwi

Mgeni akifika kwangu Singida mjini, akishakunywa chai nampeleka uwanja wa boma. Akisema ameshauona nampeleka vilevile, kwa sababu hajauona na mimi. Boma lenyewe walijenga Wajerumani, ndivyo vitabu vinavyosema, lakini mimi sijamwona Mjerumani aliyebeba jiwe. Mawe walibeba babu zetu. Mbele yake pana kiwanja cha changarawe, na upepo wetu mnaujua, ukivuma hapo unahamisha vumbi la upande huu kulipeleka upande ule, kesho yake unalirudisha.

Nikimsimamisha mgeni katikati namwambia, hapa ndipo ilipopigwa sinema. Halafu nasogea hatua chache, nagonga chini kwa kisigino, namwambia, na hapa ndipo nilipopata mke. Wengi hucheka, wakidhani nilimwona binti akipita na kikapu nikamwita. Sikumwita. Mke wangu nilimpata kwa kukataa kumkamata baba yake, tena mbele ya kamera, na mji mzima ukiangalia.

Nianze na mimi mwenyewe, maana wengine wataandika habari zangu vibaya. Shule nilikomea darasa la tatu. Nilitoka kwetu Mungaa nikiwa na kisu kimoja na nusu ya tairi. Tairi lile nililiokota barabarani, kisu nilipewa na mjomba. Nikaketi pembeni ya uwanja wa boma, upande wa sokoni, nikaanza kukata katambuga. Leo hii vijana wanaona aibu kuvaa viatu vya tairi, lakini miaka ile ya mwanzo wa Uhuru ukitembea peku Singida, mbigili zinakufundisha adabu. Mwalimu alivaa katambuga zangu, mchungaji alivaa, shehe alivaa. Serikali ilipokuja kusema mafundi tuungane katika ushirika, nilikuwa nimeshaungana na wenzangu, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Sijisifu. Waulizeni.

Kitu kimoja tu kilinishinda siku zile, nacho ni mzee mmoja wa kwetu Mungaa.

Mzee huyo alikuwa na binti, na binti huyo mimi nilimtaka. Yeye mwenyewe tulishaelewana kwenye sherehe za mavuno, kwa macho na kwa maneno machache. Nikamtuma mshenga, mtu mzima anayejua kusema. Mshenga akaenda na maneno yangu yote mazuri: kijana ana kazi yake, ana nyumba ya bati mjini, hanywi mpaka kuanguka. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akajibu neno moja.

"Nimesikia."

Mshenga akarudi. Nikamtuma tena baada ya masika, akarudi na neno lilelile. Nikamtuma na mbuzi. Mbuzi akabaki, mshenga akarudi na "nimesikia." Kwetu neno hilo si ndiyo na si hapana. Ni mlango uliorudishwa bila kufungwa, hujui usukume au uondoke. Shangazi yangu alinidokezea kilichokuwa moyoni mwa mzee. Alikuwa amesema mahali fulani kwamba mtu wa mjini haonekani adabu zake. Kijijini mtu unamwona anavyopita mbele ya wakubwa, anavyopisha njia, anavyopokea kitu kwa mikono miwili. Huyu mkata matairi nitamwona wapi?

Basi nikawa mtu wa kungoja. Niliweza kukata tairi la lori kwa kisu kimoja, lakini neno la mzee sikuwa na kisu cha kulikata.

Ndipo watu wa sinema wakafika kutoka Dar es Salaam. Walikuja na gari mbili, kamera ya miguu mitatu, na bosi kijana aliyesomea kazi hiyo Ulaya. Alivaa miwani ya jua hata akiwa ndani ya nyumba. Wakatutangazia sokoni kwamba wanapiga sinema ya zamani za Wajerumani, jinsi watu walivyokusanywa kwa ajili ya kodi wakafungwa shingo kwa shingo na kuletwa bomani kubeba mawe, ili taifa lijue tulikotoka. Wanataka watu wengi wa kutembea, wazee, na askari.

Siku ya kwanza watu waliletwa peku, kama inavyopaswa, kwa sababu zamani hizo hapakuwa na katambuga. Hawakufika mbali. Kila mtu alichuchumaa kung'oa mbigili, na msafara mzima wa mateka ukawa kama watu wanaotafuta sindano iliyopotea. Bosi akashika kiuno. Nikamfuata, nikamwambia, ndugu, mimi ninavyo viatu. Akasema kamera haitaona miguu. Baadaye iliiona, nitafika huko.

Nilipokuwa nawavalisha, bosi akaniangalia juu mpaka chini. Wakati ule nilikuwa na kifua, sasa kimeteremka kidogo. Akaniuliza kama naweza kuwa askari. Nikamjibu kwamba hakuna kitu kilichonishinda katika mji huu. Wakanipa kaptura ya kaki, bunduki ya mbao, na kofia nyekundu ya tarbushi, ambayo upepo uliichukua mara moja ukaipeleka hadi kwa wauza nyanya. Nikaifunga kidevuni kwa kipande cha mpira wa tyubu. Askari wote wakafungwa kofia hivyo hivyo.

Kazi yangu ilikuwa fupi. Mzee mmoja anatoka kwenye mstari, anakataa kubeba jiwe. Askari anamwendea, anamwambia "Twende, mshenzi wewe," anamkwida shingoni, anampigisha magoti. Basi. Niliifanyia mazoezi usiku mzima pale nyumbani, nikalikwida gunia la mahindi mpaka likapasuka.

Asubuhi yake nikaja uwanjani, tarbushi kichwani, nikasimama mahali nilipoonyeshwa. Watu wamejaa pembeni hata soko limekosa wauzaji. Bosi akasema mzee wake amempata jana sokoni, ana uso wa historia, hakuna mwingine kama huyo. Akaita. Mstari ukaanza kutembea, na kutoka nyuma ya boma akaja yeye, na kamba shingoni, shuka la kaniki begani, ndevu nyeupe. Mzee wangu wa "nimesikia."

Alikuwa amekuja mjini kuuza kuku. Binti yake alikuja naye, na nilipotupa macho nikamwona amesimama kando ya ukuta na tenga la kuku kichwani, hajalitua, kama mtu anayetaka kuwa tayari kuondoka.

Mjue jambo hili, ninyi mnaosoma mkiwa mbali. Mkwe kwetu hashikwi. Humgusi, huketi naye kwenye kitanda kimoja, ukikutana naye njiani unaingia majanini yeye apite. Na yule ambaye bado anafikiria kukupa binti ndiye mkubwa zaidi, kwa sababu bado anakutazama. Nikimkwida shingoni mbele ya watu wote hao, sina mke. Hata mshenga wangu asingethubutu kurudi kule.

Bosi akapiga kofi. Kamera ikaanza kuunguruma. Mzee akatoka kwenye mstari kama alivyofundishwa, akatupa jiwe chini, akasimama. Nikamwendea kwa hatua za askari, nzito, bunduki begani, kifua mbele. Nikafika mbele yake, nikafungua kinywa niseme maneno niliyopewa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, naye amesahau.

Uwanja mzima ulikufa kwa kicheko. Wafungwa wakacheka na kamba shingoni. Bosi akasimamisha kamera, akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba askari wa Mjerumani hawakuwa na shikamoo. Nikasema nimeelewa. Tukarudia. Safari hii niliuma meno, mdomo ukatii, lakini goti halikutii. Nilipofika karibu naye goti likakunjika lenyewe, mgongo ukainama, na kofia ikaning'inia mbele kwa mpira wake. Ilionekana kama mimi ndiye ninayekamatwa.

Mama mmoja muuza maandazi, mdomo wake unajulikana hadi Manyoni, akaniita kutoka pembeni. "Mkamate basi, baba askari. Si ndiye mwenye lile tenga?"

Watu wote wakageuka kutazama tenga. Binti hakuinamisha uso. Alinitazama mimi tu, bila kucheka, na kuku wake mmoja ametoa kichwa nje ya tenga akinitazama vilevile.

Tukarudia, nikashindwa. Bosi akavua miwani, jambo ambalo hatukuwa tumeliona. Akasema filamu inaisha, jua linapanda, na yeye atachukua askari mwingine. Hapo mzee akainua mkono, na kamba yake shingoni.

Aliniita karibu, akasema nami kwa Kinyaturu, taratibu, watu wa kwetu wote wakisikia. Aliniambia kwamba hakuvaa kamba hii kwa ajili ya posho. Alipokuwa mtoto mdogo, baba yake alifungwa hivi akaletwa hapa hapa. Aliyemkamata hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu wa huku huku, aliyekuwa akimsalimia baba yake kila asubuhi akienda kisimani. Baba yake aliporudi nyumbani bega lilikuwa limepinda, na tangu siku ile hakutia mguu mjini mpaka alipozikwa. Watoto wa siku hizi hawajui. Anataka wakaone. Kisha akageukia Kiswahili ili na bosi asikie.

"Kwa mdomo umenishika vya kutosha, kijana. Kwa mkono huwezi?"

Kwa kweli alikuwa ananiomba. Mzee yule, aliyemrudisha mshenga wangu kila mara, alikuwa ananiomba nimkamate. Nikimkataa, namnyima kitu alichokitaka kwa ajili ya baba yake. Nikikubali, nimemgusa, na kesho atakaporudi Mungaa na akili zake zikatulia, ataniona kama yule aliyekuwa akimsalimia baba yake akienda kisimani.

Watu wengine wanasema hapo niliropoka. Hata mke wangu anasema nilitetemeka mpaka bunduki ya mbao ikagongana na mkanda. Yeye alikuwa mbali, hakuona vizuri. Mimi nasema nilipiga hesabu, na kichwa changu siku ile kilifanya kazi kuliko cha yule aliyesomea Ulaya. Nikaivua kofia, nikaishika mkononi, nikamgeukia bosi.

"Ndugu, mimi ninamkamata mtu yeyote hapa uwanjani, hata wewe. Lakini huyu nimepeleka posa kwake. Mwulize yeye. Akisema mimi si mkwe wake, namkwida sasa hivi unavyotaka. Akisema ni mkwe wake, mkwe hashikwi."

Hapo kicheko kiliisha. Hata yule mama wa maandazi alitulia. Nilikuwa nimemrudishia mzee neno lake, na hakukuwa na mshenga wa kulibeba. Akisema "hapana," anapata sinema yake na mimi nabaki na matairi yangu. Akisema "ndiyo," amesema mbele ya Singida nzima. Na nilijua, kama nilivyojua ncha ya kisu changu, kwamba anaweza pia kusema "nimesikia," na wote tukabaki hapo mpaka jioni.

Bosi, ambaye sidhani kama alielewa hata nusu, akamwuliza kwa heshima. "Mzee, ni mkweo huyu?"

Mzee alinitazama miguuni. Nilikuwa nimesimama nje ya njia yake, pembeni, na sikukumbuka nilihamia pale saa ngapi. Miguu yangu ilikuwa imempisha yenyewe. Akaitazama mikono yangu pia, miwili yote, ilivyoshika kofia ile nyekundu kama bakuli. Halafu akamgeukia bosi.

"Mtafutie huyu kazi nyingine, mwanangu. Mkwe wangu hanishiki."

Vigelegele vilitoka kwa wauza nyanya, vikashikwa na wauza mchicha, vikaenda mpaka stendi. Kule ukutani tenga la kuku lilitua chini. Sikusikia alichosema mtu yeyote baada ya hapo. Niliambiwa baadaye kwamba nilimpigia saluti bosi, kwa bunduki ya mbao.

Basi nafasi ya askari ikachukuliwa na dereva wa wale watu wa sinema, kijana wa Tanga, mrefu, mpole sana. Yeye hakuwa na posa Mungaa. Alivaa tarbushi yangu na mpira wangu wa tyubu. Kamera ikaunguruma, akamwendea mzee, akasema yale maneno, akamkwida. Mimi niligeuka nikatazama ukuta. Nilisikia changarawe tu, na pumzi za watu. Walisema alipomsukuma chini mzee hakupiga magoti. Bosi akapiga kelele apige magoti, mzee akasimama vile vile, kamba imekaza, na kamera ikaendelea. Ilipokwisha, yule dereva alikaa chini kwenye vumbi mbele ya mzee, akampa shikamoo mara nyingi, akimwomba radhi, mpaka mzee akamwambia inatosha, alitaka iwe hivyo. Alikuwa amelowa machozi, mzee. Yalikuwa yanashuka bila sauti, na alikuwa anatabasamu kidogo.

Mahari nilitoa kwa heshima zote, ng'ombe wazuri, weusi, kutoka Iramba. Msiniulize wangapi. Harusi ilikuwa kubwa hata wanaosema walikuwapo ni wengi kuliko waliokuwapo.

Sinema yenyewe ilikuja mwaka uliofuata na gari la sinema. Walitandika shuka jeupe kwenye ukuta wa boma, hapo hapo ilipopigwa, na mji ulijaa uwanjani kuliko sikukuu ya Saba Saba. Upepo ulikuwa unalisukuma shuka, nyuso zikawa zinavimba na kunywea. Mzee alipotokea, akikwidwa na asipige magoti, hakuna aliyecheka wala kukohoa. Mimi mwenyewe nilionekana bega kidogo, upande wa kushoto, ukijua pa kutazama. Lakini miguu, ndugu zangu. Kamera iliteremka kwenye miguu ya wafungwa, mstari mzima, ikakaa hapo muda mrefu, na wote, babu zetu wa zamani za Mjerumani, wamevaa katambuga zangu. Alama za tairi zinaonekana moja moja. Mwalimu mmoja aliyekuwa karibu nami akasema hilo ni kosa la historia. Nikamwambia kosa ni mbigili. Tangu usiku ule sijawahi kukosa mteja.

Mwaka huu, mavuno yalipokwisha, mzee alitaka kuja mjini. Macho yake yamefifia, anaona kivuli na mwanga. Kijiji chetu kilishahamishwa kikasogezwa barabarani wakati wa operesheni vijiji, naye anasema vitu vya zamani vimebaki vichache vya kukanyaga. Alitaka kukanyaga uwanja wa boma kabla macho hayajazima kabisa. Nikamkodia gari. Mke wangu akaketi naye nyuma, mimi mbele kwa dereva, inavyopasa.

Tulipofika alitembea polepole katikati ya uwanja, upepo unampiga shuka lake, akawa anapapasa changarawe kwa fimbo. Akafika mahali fulani akasimama. Palikuwa penyewe, sikumwonyesha. Mke wangu akanikonyeza nisianze kuhadithia, ananijua. Kisha mzee akataka kupanda ngazi za boma, aguse mawe ambayo baba yake alibeba. Ngazi zile ni ndefu na zimelika. Mke wangu alikuwa amekwenda kuongea na muuza maandazi, yule yule, sasa hana meno lakini mdomo anao. Tukawa wawili tu chini ya ngazi.

Aliinua mguu ukashindwa. Akainua tena. Akanyoosha mkono hewani, akitafuta wa kumshika.

"Nishike," akasema.

"Siwezi, baba."

Akacheka, kicheko kidogo cha mtu anayejua amejijibu mwenyewe tangu zamani. Akageuza fimbo yake, akaninyooshea upande wa chini. Nikaushika kwa mikono miwili. Yeye akashika kule, mimi huku, nikapanda kinyumenyume, ngazi kwa ngazi, nikamvuta taratibu mpaka juu. Hapo akaachia fimbo, akaweka viganja vyote viwili ukutani, akaanza kuyapapasa mawe, jiwe kwa jiwe, kama mtu anayetafuta sura ya mtoto wake.

Nilimwacha mpaka alipotosheka. Halafu, kwa kuwa mimi ni mimi, nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, baba, pale chini ndipo uliponipa mke, mbele ya watu wote, unakumbuka?

Akasikiliza mpaka mwisho, uso ameuelekeza kwenye upepo.

"Nimesikia," akasema.